MAONI YA WATAFITI SI KURA ZA WAFANYAKAZI



Uchaguzi mkuu utakuwa tarehe 10 Agosti 2027, na kabla ya siku hiyo tutaletewa hesabu nyingi. Fulani anaongoza kwa asilimia hii, mwenzake amebaki nyuma kwa asilimia ile. Zitasomwa katika redio, zitapita katika simu, na vijana wa wanasiasa watazipigia kelele kwa vipaza sauti kutoka Mtongwe mpaka Mtopanga. Twaona yafaa tuzungumze mapema juu ya hesabu hizi, kwa kuwa wenzetu wengi huzisikia wakaamini kwamba mambo yamekwisha, nao hukaa nyumbani.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Kwetu Kenya mtu akisema "kura ya maoni" huenda ana maana ya watafiti wanaouliza watu maswali. Wenzetu wa Tanzania wakisema "kura za maoni" wana maana ya uteuzi wa wagombea ndani ya chama, kama ule wa CCM wa tarehe 4 Agosti 2025. Hapa tutaita la kwanza utafiti, na la pili mchujo. Ni vitu viwili mbali kabisa, ingawa wako wakubwa wa vyama wanaopenda tuvichanganye, nasi tutaeleza kwa nini.

Hapa bara ya Mombasa mchujo si jambo dogo. Katika mwaka 2022 viti vya Bunge vya Likoni, Kisauni na Changamwe vyote vitatu vilikwenda kwa ODM. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu namna hiyo, aliyepata tiketi amekwisha kuvuka nusu ya njia kabla ya siku ya Agosti kufika. Basi mfanyakazi anayengoja Agosti peke yake hukuta amebakishiwa sehemu ndogo ya uamuzi. Bei ya maji, barabara za mitaa, msimamo wa mjumbe wetu wakati kazi za bandari zinapotaka kuhamishwa au kuuzwa, yote hayo hutegemea ni nani aliyepewa ile tiketi.

Sasa tutazame hesabu za watafiti. Mwanzoni mwa Agosti 2022 Ipsos walimpa Bw. Raila Odinga asilimia 47 na Bw. William Ruto 41. Tifa waliwapa 46.7 na 44.4. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa Bw. Ruto 50.49 na Bw. Odinga 48.85. Watu wengi walisema watafiti walihongwa. Sisi hatuna ushahidi wa neno hilo, wala hatulihitaji ili kufahamu mambo. Jumlisheni wenyewe zile 47 na 41, mtapata 88. Hao wengine 12 walikuwa wapi? Wapo waliosema hawajaamua, wapo waliokataa kujibu, na wachache walitaka wagombea wengine. Mtu akataaye kumwambia mgeni siri yake hajasema kwamba hatapiga kura.

Kisha kuna jambo kubwa zaidi. Mtafiti huuliza watu wanampenda nani, lakini kura huhesabiwa za wale waliofika kituoni. Katika kaunti yetu mwaka 2022 waliofika hawakutimia nusu ya walioandikishwa. Kura ya ugavana iliahirishwa kwa sababu ya makosa katika karatasi za kura, ikapigwa tarehe 29 Agosti. Bw. Abdulswamad Nassir alipata kura kama 119,000 na Bw. Hassan Omar kama 98,000. Zijumlisheni, kisha mzilinganishe na watu 641,913 walioandikishwa Mombasa. Katika kila watu 100 wenye haki ya kupiga kura, wawili hao kwa pamoja walipigiwa na kama 34 tu. Utafiti gani ungeweza kumwambia mtu hayo kwa kuuliza "wampenda nani"?

Wako pia wanaochukua utafiti wa nchi nzima wakatuambia habari za Likoni. Hii ni hesabu ya uongo, na mtoto wa shule aweza kuivunja. Katika nchi nzima mwaka 2022 waliandikishwa watu zaidi kidogo ya milioni 22. Mombasa ni kama 3 katika kila 100. Mtafiti akiuliza watu 2,000 Kenya nzima, na akiwagawa kwa haki, watu wa Mombasa watakuwa kama 58. Majimbo yetu ni sita, kwa hivyo Likoni itapata watu kumi hivi. Watu kumi hawatoshi hata kujaza matatu moja ya feri! Mtafiti mwenye haya atasema kwamba watu 1,000 waliochaguliwa vizuri wana kosa la asilimia 3 hivi juu au chini, na kwamba watu 58 wana kosa la asilimia 13. Lakini maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, na vipaza sauti havisomi herufi ndogo.

Wingi wa watu pia haumtoshi mtafiti. Mwaka 1936 gazeti moja la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi milioni 10 na likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Likasema Bw. Landon atashinda. Bw. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Kadi zilikuwa zimekwenda kwa wingi kwa watu wenye simu na motokaa, na katika miaka ile ya dhiki maskini wengi hawakuwa na simu wala motokaa. Nasi tujiulize: mtafiti akibisha mlango Miritini saa nne asubuhi, anamkuta nani? Yule wa shifti ya mchana yuko kazini, na wa shifti ya usiku amelala.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kidonda chetu wenyewe. Katika nchi kadhaa mtu asiyeweza kufika kituoni hupewa njia nyingine, hujaza karatasi mapema akaituma kwa posta. California, katika mchujo wa chama cha Democratic wa tarehe 5 Februari 2008, watu wengi walipiga kura kwa posta. Tafiti nyingine za siku za mwisho zilimweka Bw. Obama mbele, lakini Bi. Clinton ndiye aliyeshinda, na sehemu kubwa ya kura zilikuwa zimetiwa bahasha kabla ya maneno ya siku za mwisho. Njia hiyo ina hasara yake pia, kwani Bw. Edwards alijiondoa tarehe 30 Januari, na waliokuwa wamekwisha kumpigia kwa posta hawakuweza kurudishiwa karatasi zao. Hata hivyo mfanyakazi wa kule alikuwa na njia.

Kwetu njia hiyo hakuna. Mkenya hupiga kura katika kituo alichoandikishwa, kwa mkono wake, siku ile ile. Walioko nje walifunguliwa vituo katika nchi 12 mwaka 2022, Qatar na Falme za Kiarabu zikiwamo, na walioandikishwa huko walikuwa 10,443. Nao hupigia urais tu. Basi ndugu yetu aliye Doha aliweza kumpigia Rais wa nchi, lakini baharia wa Likoni aliye katikati ya bahari hakuweza kupiga kura yoyote. Dereva wa kreni aliyeandikishwa kwao Kaloleni, na shifti yake ni Kilindini, hawezi kuwa mahali pawili.

Katika mchujo mambo ni mabaya zaidi. Siku ya uchaguzi mkuu mwaka 2022 ilitangazwa kuwa ya mapumziko. Mchujo wa UDA ulifanywa Alhamisi tarehe 14 Aprili 2022, siku ya kazi kama nyingine. Meli haingoji mchujo, wala tajiri wa kiwanda cha nguo hafungi mashine zake kwa ajili ya tiketi ya diwani. Tena sheria ya vyama iliyorekebishwa mwaka 2022 yasema mchujo wa moja kwa moja hupigwa na wanachama walioandikishwa wa chama kile, au chama chaweza kutumia wajumbe badala yao. Mtafiti huuliza mtu yeyote aliye nyumbani, lakini mchujo huhesabu mwanachama aliye katika daftari na aliyefika. Na daftari lenyewe lina vituko. Katika Juni 2021 Wakenya wengi walitazama wakakuta majina yao yametiwa katika vyama wasivyovijua.

Sasa tunaeleza kwa nini wakubwa hupenda kuchanganya utafiti na mchujo. Mwaka 2022 ODM walisema tiketi zitapatikana kwa maafikiano, kwa utafiti wa maoni, au kwa kura. Tiketi ya ugavana ya Mombasa haikupigiwa kura, kwani Bw. Suleiman Shahbal alijiondoa katika Aprili baada ya mazungumzo na viongozi, akamwachia Bw. Nassir. Hatusemi aliyepata hakustahili, maana Agosti alishinda mbele ya watu wote. Tunasema wanachama wa chama kile hawakuulizwa. Na pale tiketi inapotolewa kwa utafiti, jambo ni gumu zaidi, kwa sababu mshindi hutangazwa na hesabu haionekani. Sheria ya mwaka 2012 humtaka anayetangaza utafiti wa uchaguzi aseme nani alilipa, watu wangapi waliulizwa, lini, na kosa ni kiasi gani. Utafiti uliofungiwa katika kabati la chama hausemi lolote kati ya hayo.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya. Chama chochote cha siasa kinachotaka kura za wafanyakazi wa bara kifanye mchujo wake siku ya Jumapili au ya mapumziko, na vituo vikae wazi mpaka shifti ya mchana itoke na kuvuka feri. Kikitaka kutoa tiketi kwa utafiti, kitoe karatasi nzima ya utafiti huo kwa wanachama wake. Waajiri nao waombwe sasa, si wiki ya mchujo, wakubali watu wabadilishane shifti bila kukatwa mshahara. Tunajua watasema kazi itaharibika. Hubadilishana kila mwaka kwa Idi na Krismasi na kazi haiharibiki.

Kila mwakilishi wa shifti aandike majina ya wenzake, kituo ambacho kila mmoja ameandikishwa kupiga kura, na kama amethibitisha jina lake katika daftari la chama chake cha siasa, chochote kile. Hatutaki kujua atampigia nani. Orodha zifike afisini kabla vyama havijatangaza tarehe zao, tupate kwenda kwa waajiri na hesabu yetu wenyewe mkononi.