Umebebwa, Mjomba

Wapo watu, na si wachache, wanaoamini kwamba jambo gumu likishatiwa msaada hugeuka kuwa haramu. Niliwakuta shuleni nilikofundisha hesabu kwa miaka 22, na sasa nimewakuta mahali ambapo sikuwatarajia kabisa: kwenye michezo ya kompyuta.

Mchezo wenyewe unaitwa Celeste. Uliundwa na kikundi kidogo kilichoongozwa na Maddy Thorson, ukatoka Januari 2018. Aliyenionyesha ni mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha nne. Msichana aitwaye Madeline anakwea mlima huko Kanada huku hofu ikimbana kifua. Anaruka, anang'ang'ania ukuta hadi nguvu zimwishie, anajirusha hewani mara moja tu kabla ya kugusa tena chini. Ukigusa mwiba umekufa. Lakini kufa kwenyewe ni kufumba na kufumbua: uko tena mwanzoni mwa sehemu ile ile. Na mapema kabisa mchezo unakuambia ujivunie hesabu ya vifo vyako, kwani kila kifo ni somo.

Nilicheka. Mwalimu gani huyo anayesifu makosa?

Nilicheza miezi miwili. Nilikufa mara 3,412 kabla sijakwama karibu na kilele, ambako bendera zinakuhesabia sehemu zilizobaki. Siku tisa nilitazama bendera ile ile. Vidole vyangu vina miaka 58, na asubuhi vinakataa hata kufunga vifungo vya shati. Siku ya kumi nikafungua mpangilio wa msaada, ambao waundaji wenyewe wameuweka humo, nikapunguza mwendo wa mchezo hadi asilimia 80. Nikafika.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hapo umebebwa, mjomba," akasema. "Hiyo siyo kushinda."

Ati siyo kushinda! Nilimjibu pale pale, na leo namjibu tena yeye na wenzake wote wa vidole vyepesi. Mnasema ugumu ndio roho ya mchezo huu. Nakubali, ungekuwa rahisi nisingeukumbuka hata wiki moja. Lakini ugumu wa nani? Ukuta unaompa kijana jasho jembamba humpa mtu wa makamo kwikwi ya kilio. Kwa asilimia 80 bado nilikufa mara mia na ushei. Miiba haikuondoka.

Tena, mmeicheza hadithi kwa vidole tu. Madeline ana kivuli chake, sehemu ya nafsi yake inayoogopa na kumkatisha tamaa. Katika sura ya sita anakiambia kwamba hakihitaji, anataka kukiacha nyuma. Nini kinatokea? Kinamtupa mpaka chini ya mlima, kazi yote bure. Huko chini bibi kizee mmoja anamshauri azungumze nacho. Wanapopatana, Madeline anaweza kujirusha hewani mara mbili badala ya moja, na kwa nguvu hiyo ndipo anapofika kileleni. Yaani shujaa wenyewe amebebwa! Sasa mtu anayeumaliza mchezo huo kisha akamcheka aliyeomba msaada, amesoma nini?

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno yaliyonichoma: "Lakini mjomba, wewe shuleni ulikuwa unatuambia asiyeweza akae pembeni."

Ni kweli, nilikuwa nikisema hivyo. Nilikuwa pia nikisoma alama za mtihani mbele ya darasa nikianzia wa mwisho, nikiamini kwamba aibu ni kiboko kisichoacha alama mwilini. Mwaka mmoja binti wa kidato cha pili alipata 11 kwa 100. Nilimtaja wa kwanza, darasa likacheka, nami nikaliacha licheke. Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu, na wiki iliyofuata vilevile, hadi nikalifuta jina lake kwenye daftari la mahudhurio. Karatasi yake ya mtihani ilibaki kwangu. Alikuwa amejaribu maswali yote 20, mengine mara mbili mbili, akikata na kuanza upya pembezoni mwa karatasi, na mimi sikuwahi kumuuliza alikwama wapi.