Lugha Mbili Hazimvurugi Mtoto

Imeenea miongoni mwa wazazi wetu wa mijini, aghalabu wale waliobahatika kupata elimu, itikadi ya kwamba mtoto akisemeshwa lugha mbili akili yake huvurugika, akachelewa kunena, na mwisho asiijue sawasawa hata moja; na kwa khofu hiyo mama aliyelelewa kwa Kihaya na kuishi kwa Kiswahili humsemesha mwanawe Kiingereza peke yake, akidhani amemtendea hisani. Itikadi hiyo ni batili, na wale wakichukuliao kichwa cha mtoto kuwa ni kibaba, kisichotiwa mchele mpaka mtama umwagwe, hawajapata kumtazama mtoto kwa makini.

Zamani hata wanazuoni waliiunga mkono. Mwaka 1923 D. J. Saer alitangaza kwamba watoto wa Wales waliojua Kiwelsh na Kiingereza walishindwa na wenzao wa lugha moja katika mitihani ya akili. Lakini tofauti hiyo aliiona kwa watoto wa mashamba, wala hakuiona kwa wale wa mijini, jambo ambalo lingetosha kumtanabahisha kila mwenye insafu kwamba sababu itafutwe kwingine. Elizabeth Peal na Wallace Lambert, katika uchunguzi wao wa Montreal uliochapishwa 1962, walihakikisha kwanza kwamba watoto wanaolinganishwa wametoka katika jamaa za hali moja, na wenye Kifaransa na Kiingereza wakaonekana kuwa mbele. Sidai kwamba lugha mbili humzidishia mtu akili, kwani hilo wataalamu wangali wakilijadili. Nadai kwamba hazimpunguzii.

Dalili iliyo bayana zaidi imetoka kwa watoto wachanga. Mwaka 1988 Jacques Mehler na wenzake walidhihirisha huko Ufaransa kwamba mtoto wa siku 4, ambaye hata kitovu chake hakijadondoka, hupambanua Kifaransa na Kirusi, kwa kuwa lugha aisikiayo ikibadilishwa huongeza bidii ya kunyonya chuchu ya mpira. Kisha, 2010, Krista Byers-Heinlein, Tracey Burns na Janet Werker waliwapima Vancouver watoto ambao mama zao, wakati wa mimba, walikuwa wakisema Kiingereza na Kitagalogi. Na watoto hao, waliozaliwa punde tu, walivutiwa na lugha zote mbili na papo hapo wakazitenganisha. Mtu aliyezitenganisha kabla hajafumbua macho vema atavurugwaje nazo akiwa wa miaka miwili?

Watasema kwamba mtoto huchanganya maneno. Huchanganya, naam, kama wachanganyavyo wazee wake sebuleni, ambao hakuna atiaye shaka akili zao.

Lililo kweli ni kwamba lugha isiyosikiwa vya kutosha haishiki, na ndiyo maana dhuluma hii ina uchungu: Kiingereza mtoto atakikuta shuleni, vitabuni na katika televisheni apende asipende, ilhali Kihaya hana pa kukipata ila kwa mama na bibi yake, na akinyimwa utotoni, kukipata ukubwani ni kazi nzito. Basi enyi wazazi, wasemesheni wana wenu lugha zenu zote, tangu leo, bila khofu.