HADITHI NUSU HAITUSHIBISHI



Sisi watu wa reli tunaokaa Ekero tumechoka na hadithi za Marekani zilizokatwa nusu. Kila mara twaambiwa juu ya Abraham Lincoln, mtoto wa kibanda cha magogo aliyekuwa rais. Ni kweli. Lakini wanaotuambia wataka kila mtu ahangaike peke yake, asidai kitu.

Mbona hawatuelezi habari za watumishi Weusi wa mabehewa ya kulala ya Pullman? Mwaka 1925 waliunda chama, wakamwita A. Philip Randolph awaongoze. Yeye hakuwa mtumishi wa kampuni, haikuweza kumfukuza. Wao wengi walifukuzwa, lakini chama hakikufa. Mwaka 1937 kampuni ilitia sahihi mapatano: mishahara ikapanda, saa za kazi zikapungua.

Wala tusiende mbali. Januari 1947 watu wa reli na bandari waligoma pamoja Mombasa siku 12. Kiongozi wao, Chege Kibachia, serikali ya mkoloni ilimfunga kizuizini Baringo. Hata hivyo mishahara iliongezwa.

Basi anayekwepa ada huku akingoja bahati ya Lincoln anakula jasho la wenziwe. Lipeni ada, njoni mkutanoni. Kidole kimoja hakivunji chawa.