Umenunua Ploti Subukia na Sasa Jogoo Anakusumbua? Kaa Chini Tuongee

Wasee wa Naks, hii stori inawahusu. Na kama wewe ni wa Nairobi lakini uko kwa chama cha kununua ploti, pia wewe kaa hapo.

Picha ndiyo hii. Umehangaika miaka, umepata ganji, umenunua ploti ya 50 kwa 100 huko Subukia. Umejenga keja safi, ukapaka rangi, ukapiga picha za kupost. Jumapili ya kwanza saa kumi usiku, jogoo wa jirani anaanza. Saa kumi na mbili, mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe inanguruma. Jua likiwaka, upepo unakuletea harufu ya samadi mpaka kwa sahani ya chapo. Mkono unaenda kwa simu: nipigie nani huyu mzee anyamazishwe?

Kabla upige, jiulize swali moja tu. Kati yako na huyo mzee, nani alitangulia?

Bonde linabadilika

Ukipanda mat ya Nyahururu pale Nakuru, unapita Bahati, halafu barabara inakuteremsha hadi bonde la Subukia. Ni kijani tupu: mahindi, nyanya, kahawa, ng'ombe wa maziwa. Wengi wanapajua kwa sababu ya kituo cha hija cha Wakatoliki, ile Village of Mary. Lakini siku hizi kuna watu wengine wanakuja, na hawa hawaji kuomba. Wanakuja kupimiwa ploti.

Si ajabu. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021. Kwa hesabu ya watu ya 2019, kaunti ilikuwa na watu 2,162,202, ikifuata Nairobi na Kiambu tu. Jiji likijaa, watu wanatafuta hewa pembeni. Broka ananunua ekari mbili kutoka kwa familia iliyogawana urithi, anakata vipande, anaweka bikoni, anauza kwa "offer". Kwa tangazo kuna maji, stima na barabara. Zizi la jirani halimo kwa picha.

Sasa chukua mfano wa mathe ambaye amefuga ng'ombe watano hapo tangu kabla uzaliwe. Hajahama, hajaongeza ng'ombe, hajabadilisha kitu. Kilichobadilika ni ukuta wako, mita kumi kutoka kwa zizi lake. Na ghafla yeye ndiye "kero".

Sheria inasema nini?

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Sheria yetu, kwa sehemu kubwa, haiulizi nani alitangulia.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 118, inaorodhesha vitu vinavyohesabika kuwa kero. Humo ndani kuna zizi la ng'ombe, au mahali popote pa kufugia wanyama au ndege, pakiwa pamejengwa au pametunzwa vibaya hadi panaudhi au ni hatari kwa afya. Kifungu cha 119 kinampa afisa wa afya nguvu ya kutoa notisi kero iondolewe. Ukipuuza, mnakutana kortini.

Juu ya hiyo kuna Katiba. Kipengele cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuitetea, na hata huhitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeumia au kupata hasara. Hiyo ni silaha kali, na ni poa iko. Bila hiyo, mabwenyenye wa viwanda wangetumalizia mito.

Halafu kuna ile sheria ya mahakama tuliyorithi kwa Mwingereza. Mwaka 1879, kwenye kesi ya Sturges na Bridgman, daktari wa London alijenga chumba cha kazi kando ya fundi wa peremende ambaye alikuwa ametwanga vitu vyake hapo miaka mingi. Daktari ndiye alikuja nyuma, na bado akashinda. Tangu hapo, kumwambia jaji "huyu alinikuta hapa" peke yake hakukuokoi.

Kwa hivyo yule mathe wa Subukia, akipelekwa kortini na mtu mwenye wakili mzuri, anaingia ulingoni mikono mitupu. Hata akishinda mwishoni, nauli, wakili na siku za kwenda Nakuru zinaweza kumfanya auze ng'ombe wawili. Akiuza wawili, anajiuliza mbona asiuze na shamba. Broka yuko hapo nje anasubiri.

Wenzetu walifanyaje?

Marekani walianza kuliona hili mapema. Sun City, Arizona, kampuni ya Del Webb ilijenga mji wa wastaafu ukapanuka hadi ukafika karibu na shamba la kunenepesha ng'ombe la Spur. Nzi na harufu vikawafikia wazee, kesi ikaingia. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya jimbo ikatoa uamuzi wa kuvutia: shamba lihame, kwa sababu watu wanaumia, lakini Webb ndiye amlipe mfugaji gharama ya kuhama, kwa sababu yeye ndiye alileta watu kwa harufu. Baada ya hapo majimbo yote 50 yakatunga sheria za kumlinda mkulima aliyetangulia.

Ufaransa nao walikuwa na jogoo staa, Maurice, wa kisiwa cha Oléron. Majirani wenye nyumba ya likizo walimshtaki mwenye jogoo kwa sababu ya kuwika asubuhi. Septemba 2019 korti ikasema jogoo aendelee na kazi yake, na walalamishi walipe euro 1,000. Januari 2021 bunge likapitisha sheria ya kutambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa huko.

Nasi tuige tu? Pole pole.

Usilinde kila kitu kinachoitwa shamba

North Carolina ilikuwa na sheria kama hizo, na kampuni kubwa za nguruwe zikajificha nyuma yake. Maelfu ya nguruwe, mabwawa ya kinyesi, na kinyesi hicho kikirushwa hewani kunyunyizia mashamba. Wengi wa majirani walioshtaki walikuwa wameishi hapo kabla ya hao nguruwe. Mwaka 2018 baraza la wazee wa korti liliwapa majirani sita dola milioni 473.5 kwenye kesi moja, ingawa sheria ya jimbo ililazimisha hizo pesa zipunguzwe sana. Wabunge wa jimbo walifanya nini? Wakaibana zaidi sheria ili majirani wasishtaki kirahisi.

Na hatuhitaji kwenda mbali. Solai iko hapo tu karibu na Subukia. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba kubwa lilipasuka, maji yakashuka kwa vijiji na kuua watu zaidi ya 40. Hakuna mtu mwenye akili timamu atasema jirani wa shamba kama hilo anyamaze kwa sababu shamba lilitangulia.

Kwa hivyo mstari uwe wazi. Jogoo, ng'ombe wachache, trekta wakati wa kupanda, harufu ya samadi siku mbili tatu: hayo ni maisha ya shambani, na aliyekuja nyuma avumilie. Dawa inayopeperuka hadi kwa keja ya watu, kinyesi kinachoingia mtoni, bwawa bovu, au mfugaji wa kuku 100 aliyeamka siku moja na kuku 10,000: hapo haki ya kulalamika ibaki mzima. Hata sisi wa mtaani tunaelewa hii logiki. Nairobi ilipotangaza 2022 kufunga vilabu vya usiku kwenye mitaa ya makazi, hoja ilikuwa watu wanaishi hapo na klabu imewafuata. Geuza hiyo sarafu, utaona mathe wa Subukia yuko upande gani.

Mchezo unachezwa mapema

Ukweli ni kwamba, ikifika kortini, kila mtu ashapoteza. Hii mechi huamuliwa siku shamba linakatwa ploti.

Na aliyeshika filimbi ni kaunti. Angalia Jedwali la Nne la Katiba: kilimo ni kazi ya kaunti, kudhibiti kelele na kero nyingine za umma ni kazi ya kaunti, na mipango ya ardhi pia ni kazi ya kaunti. Kukata shamba la kilimo kunahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi makazi kunahitaji ruhusa ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Ofisi ileile ikiruhusu keja kando ya zizi leo, halafu kesho imtume afisa kumpa mwenye zizi notisi, hiyo ni kumchezea mkulima karata.

Bunge la Kaunti ya Nakuru linaweza kutunga sheria yake. Nairobi, jiji la mawe, ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hivyo si ndoto. Ya Nakuru iseme vitu vitatu: anayekata ploti kando ya shamba aache nafasi kwa upande wake yeye, mnunuzi aambiwe kwa maandishi kwamba jirani ni mkulima, kama wanavyofanya baadhi ya majimbo ya Marekani, na malalamiko yaanze kwa mazungumzo mbele ya mzee wa mtaa na afisa wa kilimo kabla ya notisi yoyote.

Kwa sasa, wewe unayetafuta ploti: nenda uione mara mbili, mara moja alfajiri na mara nyingine jioni baada ya mvua. Usiende na broka peke yake. Bisha kwa jirani, msalimie, muulize anafuga nini na analima nini. Ukiona huwezi kuishi na hiyo harufu, kuna ploti zingine.

Na kama ushajenga, jogoo ashakuamsha na simu iko mkononi, iweke chini. Vuka ua uende umuone huyo mathe. Pengine atahamisha hilo banda la kuku kidogo. Na maziwa ya kila asubuhi utayapata hapo hapo, fresh, bila kutoka nje ya mtaa.