Mafunzo ya Kilimo Yafike Mwisho wa Barabara

Mboga ninazonunua katika soko la City Park, hapa Parklands, hunikumbusha wanaozilima. Shangazi yangu analima mahindi Siaya. Kwa miaka mingi kayongo, lile gugu la maua ya waridi linalofyonza mizizi, lilimwachia mabua matupu. Kisha jirani zake waliopata mafunzo wakamwonyesha mbinu ya kusukuma na kuvuta: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu hufukuza nondo wa bungua, viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, hudhibiti kayongo na kurutubisha udongo. Nepia huwavuta nondo hao, tena ni lishe ya ng'ombe. Utafiti wa mbinu hii ulianza miaka ya 1990 katika kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Victoria, chini ya taasisi ya icipe yenye makao yake Nairobi.

Elimu ipo, basi. Kinachokosekana ni wa kuifikisha. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kilimo, lakini kuna vijiji vingi visivyomwona afisa wa nyanjani. Magavana, ajirini maafisa hao, wapeni pikipiki na mafuta, na mbegu za desmodiamu ziuzwe karibu na mkulima.