Virusi vya Kompyuta na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walionena kuwa kikulacho ki nguoni mwako hawakuwahi kuiona kompyuta. Hata hivyo, ni nadra kupata methali inayoeleza vyema zaidi hali ya virusi vya kompyuta. Kirusi hakivunji mlango. Huingia kwa faili ambayo mwenyewe ameifungua, kwa flashi ambayo mwenyewe ameichomeka, au kwa barua pepe iliyotoka kwa rafiki. Kikishaingia, aghalabu kazi yake ya kwanza si kuharibu bali ni kujificha, maadamu kirusi kinachogunduliwa mapema hufutwa kabla hakijaenea. Makala haya yanashikilia kuwa mbinu hizo za kujificha si siri ya wataalamu wa kompyuta pekee. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuzielewa kwa ujuzi alio nao tayari, na ana wajibu wa kuzieleza kwa lugha inayofahamika na umma.

Suala la kwanza ni istilahi. Neno virusi liliingia katika Kiswahili kwa njia ya ukopaji. Kwa kuwa lilianza kwa vi-, wasemaji walilichukulia kuwa wingi, wakaliundia umoja wake, kirusi, na kulitia katika ngeli ya KI-VI. Hapo hapana kosa. Tatizo ni kuwa katika mazungumzo ya kila siku neno hilo hubebeshwa kila programu haribifu, ilhali aina zake zinatofautiana. Kirusi halisi hujipachika kwenye faili au programu nyingine, na humhitaji mtu aifungue ndipo kizaane. Mnyoo aghalabu haumhitaji mtu: hujinakili wenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao. Mnyoo ulioitwa Slammer, uliozuka Januari 2003, ulikuwa na baiti 376 tu, wala haukuandika faili yoyote kwenye diski. Uliishi katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Aina ya tatu ni farasi wa Troia, yaani programu inayojidai kuwa na manufaa, kama vile mchezo au nakala ya bure ya programu inayouzwa, huku imebeba madhara tumboni. Anayeziita zote virusi hukosea hata katika kujikinga, kwani kukataa kufungua faili ngeni hukizuia kirusi lakini hakuzuii kila mnyoo.

Ili kufahamu jinsi virusi vinavyokwepa kunaswa, sharti kwanza ieleweke jinsi vinavyosakwa. Programu za kingavirusi zilianza kwa kutafuta sahihi, yaani mfuatano maalumu wa baiti unaopatikana katika kirusi fulani na usiopatikana kwingineko. Ni sawa na bawabu aliyepewa picha za wezi. Mwizi mwenye picha atakamatwa langoni. Asiye na picha atapita akiamkiwa kwa heshima.

Mbinu ya kwanza ya kumkwepa bawabu huyo ni kumwonyesha sura isiyo ya kweli. Kirusi kilichoitwa Brain, kilichoandikwa na ndugu wawili mjini Lahore nchini Pakistan mwaka 1986, kilikaa katika sehemu ya disketi inayosomwa kwanza kompyuta inapowashwa. Programu yoyote ilipotaka kuikagua sehemu hiyo, kirusi kililidaka ombi hilo na kuonyesha nakala safi kilichokuwa kimeihifadhi kwingine. Mkaguzi alionyeshwa usafi uliotayarishwa na mkaguliwa. Kirusi CIH, kilichozuka mwaka 1998, kilitumia ujanja mwingine. Kilijigawa vipande na kujaza nafasi tupu zilizomo ndani ya faili za programu, hivyo ukubwa wa faili haukuongezeka. Tarehe 26 Aprili 1999 kilifuta data za kompyuta nyingi, hasa barani Asia, na katika baadhi yake kikaharibu hata programu ya msingi inayoiwezesha kompyuta kuwaka.

Mbinu zilizofuata ni za kubadilisha umbo, na hapa mwanafunzi wa lugha hahitaji kushikwa mkono. Vijana wa Kiswahili wana mchezo wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho ya neno huhamishwa mwanzo, kitabu kikawa bukita. Asiyejua kanuni hiyo haelewi neno, ingawa ujumbe ni ule ule. Kirusi Cascade, cha mwishoni mwa miaka ya 1980, kilichojulikana kwa kuzidondosha herufi kwenye skrini, kiliufumba mwili wake kwa njia ya namna hiyo. Udhaifu wake ulikuwa kwamba kile kipande kidogo cha kufumbua hakikuweza kufumbwa, wala hakikubadilika. Wasakaji wakakitumia hicho kuwa sahihi yake.

Udhaifu huo haukudumu. Mwaka 1990 Mark Washburn wa Marekani alitoa kirusi 1260, ambacho kipande chake cha kufumbua kilibadilika katika kila nakala. Mwaka 1992 mwandishi wa virusi wa Bulgaria aliyejiita Dark Avenger alisambaza chombo kilichomwezesha yeyote kuongeza uwezo huo katika kirusi chake. Msemaji wa Sheng anaifahamu tabia hii. Mzazi akishajua kuwa doo ni pesa, vijana huhamia ganji, kisha mkwanja, na maana haijasogea hata hatua moja. Hatimaye vikaja virusi visivyotegemea kufumba pekee bali hujiandika upya mwili mzima, kama kirusi Simile cha mwaka 2002. Mwanafunzi wa sarufi anajua kuwa “Mwalimu alimfunza mtoto” na “Mtoto alifunzwa na mwalimu” ni sentensi mbili zenye miundo tofauti na maana moja. Kirusi cha aina hii hufanya vivyo hivyo kwa amri za kompyuta, na bawabu mwenye picha hubaki ameduwaa.

Watengenezaji wa kingavirusi nao hawakulala. Badala ya kutazama umbo pekee, programu zao huchunguza matendo: faili yenye shaka hufunguliwa kwanza katika mazingira ya majaribio, yaliyotengwa, na mwenendo wake kufuatiliwa. Virusi navyo vikajifunza kuyatambua mazingira hayo na kutulia tuli hadi uchunguzi uishe. Mbio hizi hazina kikomo, na hilo si dhana tupu. Fred Cohen, aliyeanza majaribio yake ya virusi mwaka 1983 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, alithibitisha kwa hisabati kuwa haiwezekani kuwa na programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea. Kwa hivyo, anayenunua kingavirusi kisha akalala usingizi wa pono amejidanganya. Kingavirusi ni ya lazima, ila haitoshi.

Fauka ya hayo, maficho makubwa kuliko yote hayamo katika kompyuta bali katika mazoea ya mtumiaji. Mnamo Mei 2000, mnyoo wa ILOVEYOU ulitoka Ufilipino na kuenea ulimwenguni kwa muda mfupi ukiwa umejifanya barua ya mapenzi. Jina la kiambatisho chake lilikuwa na viishilizi viwili: cha kwanza kilidai kuwa hiyo ni hati ya maandishi tu, cha pili ndicho kilichofichua kuwa ni programu. Windows, kwa desturi yake, ilikificha hicho cha pili. Vivyo hivyo, mnyoo Conficker wa mwaka 2008 ulisafiri kwa flashi na kumwekea mtumiaji chaguo lililofanana na lile la kawaida la kufungua folda. Programu nyingine huzificha folda halisi zilizo kwenye flashi, kisha zikaweka mahali pake faili zenye picha na majina yale yale. Katika visa vyote hivyo, mtu ndiye aliyeongozwa akabonyeza.

Wapo watakaodai kuwa haya ni ya idara za sayansi ya kompyuta, na kwamba Kiingereza kinatosha kwa kuwa ndicho lugha ya mafunzo vyuoni. Dai hilo halina mashiko. Kirusi hakichagui wasomi. Hupita kwa karani wa kaunti, mwenye duka la saiba, mwalimu wa shule ya msingi na mzazi anayetuma picha za harusi. Onyo linapojitokeza kwenye skrini kwa lugha asiyoimudu, mtu huyo hubonyeza popote ili liondoke. Wengine watasema kuwa Kiswahili hakina uwezo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na hoja hiyo ikakosa miguu. Kilichosalia ni kutoka kwenye tafsiri ya menyu na kuingia katika maelezo ya hatari.

Hasara yenyewe haiko mbali na idara za Kiswahili. Mtafiti wa fasihi simulizi anaweza kumrekodi ajuza mmoja akitamba ngano ambazo hakuna mwingine kijijini anayezikumbuka. Rekodi hizo zikiwa kwenye flashi moja, zikaangukia programu inayozifumba faili za watu na kudai fidia, tasnifu inaweza kuandikwa upya, lakini ajuza akiwa ameaga dunia ngano hazitambwi tena.

Kwa hivyo, vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kutenda. Kila chama kiandike mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe katika maabara za kompyuta na kwenye saiba zilizo jirani. Ueleze tofauti ya kirusi, mnyoo na farasi wa Troia. Umfunze msomaji kufanya viishilizi vya faili vionekane, kuikagua flashi kabla ya kuifungua, kukubali masasisho ya programu yanapotolewa, na kumuuliza rafiki kama kweli ndiye aliyetuma kiambatisho. Zaidi ya yote, uhimize kuweka nakala ya kila kazi mahali pawili au patatu, na mojawapo isiwe imeunganishwa na kompyuta. Akiba haiozi, na nakala iliyo kabatini haifikiwi na mnyoo.