Kusilimisha ni Siku Moja

Nilikwenda Makwasinyi kutafuta vikapu, si kwa shughuli ya dini. Kijiji hicho kiko chini ya mlima Kasigau. Gari huiacha njia kuu ya Mombasa na Nairobi pale Maungu, likashika njia ya vumbi, na msafiri akaomba Mungu asikutane na ndovu. Mlima wenyewe si mgeni kwetu. Mmisionari Rebmann aliufikia mwaka 1847, akauandika kwa jina la Kadiaro; na aliyemwongoza mwaka uliofuata mpaka Uchagani alikuwa Mwislamu wa pwani, Bwana Kheri.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa kanisa. Jioni walikuja kwake vijana wawili waliobatizwa karibuni. Nilidhani watafungua kitabu. Kumbe mzee alianza na khabari za nyumbani: mmoja, je, babake ameanza kusema naye? Wa pili, ile pombe ya harusini aliikataa vipi? Wa tatu hakutokea. Mzee akavaa viatu, akachukua kurunzi, akamfuata gizani. Aliporudi aliniambia kuwa kila anayebatizwa hukabidhiwa mtu mzima mmoja, naye humwangalia mpaka asimame mwenyewe.

“Hulipwa?” nikamwuliza. Akacheka mno.

Ndugu msomaji, sikuja kuisifu dini ya watu, yangu naijua. Lakini usiku ule niliona haya, maana nilimkumbuka kijana mmoja wa bara aliyesilimu mtaani kwetu siku ya Ijumaa. Msikiti ulitikisika kwa takbiri. Tukampa kanzu, kofia na jina jipya, tukampanga mstari kumkumbatia, na mimi nilikuwamo. Ramadhani ilipofika nikamkuta stendi akifuturu mkate mkavu peke yake. Kwao walikuwa wamemfukuza. Kwetu hakuna aliyemwita. Nami nilimsalimu tu, nikapita, kwani nyumbani uji ulikuwa unapoa. Baada ya Idi hakuonekana tena, na barazani tukasema kuwa tangu mwanzo hakuwa na imani.

Wako watakaosema: madrasa si zipo? Zipo, alhamdulillahi. Lakini mtu wa miaka thelathini kukaa mkekani na watoto wa miaka saba, wakimcheka kila anaposhindwa kuitamka ‘dhadi’, atakwenda siku ngapi? Kitabu anacho, aliyekosekana ni mtu wa kumbishia hodi.

Na haya si mageni ya kuigwa kanisani. Baada ya Hijra ya mwaka 622, Mtume (s.a.w.) aliwafunga udugu waliohama na wenyeji wa Madina. Salman Mfursi, aliyetoka dini moja hadi nyingine akiitafuta haki, alipewa Abu Dardaa awe nduguye. Akaingia nyumbani mwake, akala naye, akalala huko, hata akathubutu kumrudi mwenyeji wake kwa kujichosha na saumu na sala za usiku huku mkewe amesahauliwa. Nalo fungu la zaka la wenye kutiwa nguvu nyoyo zao limetajwa waziwazi katika Sura Tawba. Katika kamati nilizokaa mimi, tumejadili rangi ya zulia mara nyingi kuliko fungu hilo.

Yule kijana nimesikia anauza mitumba Mariakani. Sijui sasa anajiita kwa jina lipi. Jumapili nitakwenda kumtafuta.